Baba Elsie na Kaseti Zilizolazwa na Mbegu

Ni mwaka mmoja na siku kadhaa, Baba Elsie, na viatu vyako vya kazi bado viko nyuma ya mlango. Kila mgeni anavikwepa. Hakuna aliyevisogeza, na mimi mwenyewe sitaki visogezwe.

Tunakuandikia sisi sote wa nyumbani hapa Sagalla, lakini aliyeshika kalamu ni mimi mkeo Tryphena, kwa hiyo usitegemee maneno ya kupambwa. Unanijua.

Ulizaliwa mlimani hapa, Zephaniah Mwadime, mtoto wa mwinjilisti Reuben, ukalelewa kwa nyimbo za kanisa. Ulipopata kazi ya ufundi kwenye reli, Voi, mwaka wa sitini na nne, Baba alimshukuru Mungu mbele ya watu wote. Hakujua kwamba kule landi, kwenye nyumba za wafanyakazi, ungepangiwa chumba na Owino, na kwamba Owino alikuwa na gitaa. Kufikia Krismasi gitaa lilikuwa mikononi mwako, naye Owino amejitafutia gitaa la besi.

Voi nzima ilitaka rumba. Wewe ukawaletea blues, ule muziki uliousikia kwenye santuri ulizonunua kwa baharia mmoja Mombasa, ukautia umeme na ngoma nzito. Mwanzoni watu waliulizana, huyu analia nini? Ulikuwa unavuta uzi mmoja kwa kidole mpaka unaita kama mtu aliye ng'ambo ya bonde. "Rumba ni ya miguu," ulikuwa ukisema. "Hii ni ya mtu aliyekaa na yake moyoni." Nao wakaja kukaa. Wakata mkonge, watu wa reli, hata walimu, wameshika chupa zao na hawasemezani. Bendi yenu, Ndara Blues, ikajulikana mpaka Taveta.

Huku kwetu hakuna stima, kwa hiyo mlipokuja kupiga harusi mlipandisha betri ya lori mlimani, imening'inia kwenye mti mabegani mwenu. Betri mlikumbuka, maji ya kunywa mkasahau. Nilikucheka sana, kisha nikakupa maji. Ndivyo tulivyojuana.

Ulikuwa mpole mpaka unaudhi. Wakati wa ukame ulipandisha dumu la maji kutoka Voi, na kabla halijafika kwangu lilikuwa limepitia kwa kila mjane aliye njiani. Nikigomba, unapiga mluzi. Hata ukila ulipiga mluzi, ugali shavuni, sijui uliwezaje.

Mwaka wa sabini na mbili mlienda Nairobi kurekodi. Mwenye studio akakwambia, kijana, mkono unao, lakini achana na haya maombolezo, nipigie rumba na uimbe juu ya msichana. Ukalirudisha gitaa kwenye gunia lake, mkapanda treni mkarudi. Sikukulaumu hata siku moja. Ila ndiyo sababu hakuna santuri yako popote. Ulituachia kaseti tatu tu, ulizorekodi sebuleni kwetu kwa redio ya kaseti ya Owino, mlango umefungwa mbuzi wasiingie. "Hizi ni za mtoto," ulisema, Elsie akiwa bado tumboni.

Sasa nije kwa Baba. Miaka yote hiyo hakukusikiliza hata mara moja. Hakukutukana, hakukufukuza. Alikula nawe na alikuombea. Lakini ukishika gitaa na kusema lile neno lako, "Haya, tuanze," alichukua fimbo yake akaenda kukagua mahindi, hata msimu ambao shamba lilikuwa tupu. Wewe ulipiga tu. Mimi ndiye niliyeona jinsi ulivyoutazama mlango, na iliniuma.

Siku tuliyokuzika, watu ambao Baba hajawahi kuwaona walimshika mkono mmoja mmoja. Mkata mkonge mmoja alimwambia, "Mzee, nilifiwa na mke, na mwanao ndiye aliyenilaza usingizi." Walipoondoka, Baba alinijia.

"Mama Elsie, nipe hizo kaseti," alisema. "Nyumba yenye msiba haipigi muziki. Mwaka ukitimia, nitakaa nimsikilize mwanangu."

Nikampa. Na kwa kuwa alitaka zidumu, aliziweka pale mtu wa kwetu anapoweka kitu asichotaka kiharibike: darini juu ya meko, pamoja na mbegu za mahindi, mchwa wasipofika. Alizifunga kwa leso ya marehemu Mama. Nilipoona sauti yako imewekwa na mbegu, nilifurahi. Moshi hutunza mbegu mwaka mzima. Nani kati yetu alijua kwamba joto hilo hilo huua kaseti?

Jumamosi iliyopita tulikusanyika kukuombea, na baada ya sala alizishusha mwenyewe. Alivaa koti lake la kanisani. Owino alikuwa amekuja na redio. Kaseti ya kwanza ilikuwa imepinda, ikakataa kuingia. Ya pili utepe wake ulishikana, ukakatika. Ya tatu ikazunguka. Ukakohoa, kiti kikalia, ukasema, "Haya, tuanze." Baada ya hapo ni mngurumo mtupu mpaka mwisho. Hakuna wimbo hata mmoja uliobaki.

Tumekupoteza mara ya pili, mume wangu, tena kwa mikono iliyokupenda. Nililia kuliko siku ya kaburi, na sioni haya kulisema hapa watu wasome. Owino alichukua gitaa lako ajaribu kumpigia Baba japo wimbo mmoja, akaliweka chini. "Mkono si huu," alisema.

Kama kuna mtu yeyote, Voi au Taveta au kwingineko, aliyewahi kumnasa Zephaniah kwenye kaseti, tunamwomba apande Sagalla. Aulize nyumba ya mwinjilisti. Asikawie, Baba ni mzee.

Mwenyewe hakunyanyuka Jumamosi hiyo. Fimbo ilikuwa karibu naye na hakuigusa. Alimwambia Owino, "Rudisha." Ukakohoa, ukasema neno lako. "Rudisha tena." Tangu hapo, kila jioni anavua kofia, anasogeza kiti mbele ya redio, na Elsie anakaa mapajani mwake. Wewe unasema, "Haya, tuanze."

Naye anakujibu, "Anza, mwanangu."

Tunaokulilia ni baba yako Reuben, mkeo Tryphena, mwanao Elsie, dada yako Alice na shemeji Josephat, Owino na wenzako wote wa Ndara Blues.

Tutakukumbuka mpaka siku tutakapokufuata.