Sahani Iliyofunikwa

Wete, Krismasi

Dada Ndeshi, shikamoo. Wasalimie wote huko Kibosho. Nakutumia haya kwa simu, yakufikie leo leo.

Kazi ya kuvuta umeme haijaisha, ndiyo maana hamkuniona. Asubuhi nimevaa shati jipya kama Mama alivyotuzoesha, nikatoka bila pa kwenda. Mtaa mzima ulikuwa ukianika karafuu kwenye majamvi. Jirani yangu, Bi Time, akaniuliza, "Mwanangu, waenda harusini?" Nikamwambia leo ni sikukuu yetu. Akanitazama. "Nawe u peke yako?"

Mchana mvua ikashuka, wote wakakimbilia kuanua karafuu, na mimi nikabaki chumbani nasikiliza bati. Ilipokatika, Bi Time akapiga hodi na sahani ya wali wa nazi na pweza, imefunikwa kwa kawa la ukindu. Akaniachia mlangoni, akarudi kwenye majamvi yake.

Nimekaa nayo muda mrefu kabla ya kuifunua. Unakumbuka Mama alivyokuwa akimfunikia Baba ndizi na nyama kwa jani la mgomba, kila Krismasi aliyokwama kazini Tanga? Na sisi tukiizunguka ile sahani mpaka kesho yake, tunaomba kimoyomoyo asije, ili tuile.

Nakujua, Dada. Najua leo na mimi umenifunikia. Wape wanao waile sasa hivi, ingali ya moto. Wasikae wakiomba. Mjomba wao haji.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Aloyce