Namba ya Shimba

Jumatatu, 16 Oktoba 1961
Padri, mkuu wetu wa shule, kanipa daftari la Shimba, fundi wa maabara. Anamwombea nafasi Makerere — mtu wa darasa la nane! — na mimi ndiye wa kukagua kazi yake. Shimba kafungia ile gesi ya kahawia kwenye chupa, kaipima kwenye mizani, kapata namba ya msawazo: 0.14. Yaani pale gesi ya kahawia na ile isiyo na rangi zinapoacha kushindana. Nitahakiki kwa kitabu. Kitabu kina nishati ya kila gesi; ukijua hizo na joto la chumba, namba unaipata bila kugusa chupa.

Jumatano, 18 Oktoba
Nimepata 0.71. Mara tano ya yake! Nikamwita. Kasema polepole kwamba kapima mara sita, na mizani haina sababu ya kumdanganya. Nikamjibu kitabu nacho hakina. Nimemwandikia Padri: namba hizi zimetungwa. Nakiri hapa, nilifurahi. Mwezi wa sita alinisahihisha mbele ya darasa.

Jumamosi, 28 Oktoba
Jina la Shimba limeondolewa kwenye maombi ya Makerere. Kaacha kazi mwenyewe. Funguo mezani, chupa zote kaziosha.

Jumanne, 28 Novemba
Mungu wangu! Nilikuwa nafundisha kidato cha tatu logi za namba zilizo chini ya moja. Chaki ikanidondoka. Ile hesabu yangu ya gesi, logi yake ilikuwa kutoa 0.85. Jedwali halijui kutoa — ilibidi niongeze moja kwanza, nitafute 15. Mimi nilikimbilia 85. Kosa ninalowachapia watoto viboko! Nimerudia mara tatu. 0.14. 0.14. 0.14. Mke wangu Specioza kaniuliza mbona sili. Nikamwambia ni tumbo.

Ijumaa, 1 Desemba
Padri kaniita. Baada ya Uhuru mimi ndiye makamu wake. Kasifu umakini wangu, akataja lile daftari. Na mimi nikashukuru! Nikashukuru tu, mjinga mimi.

Jumamosi, 9 Desemba
Uhuru. Ngoma mji mzima. Nimekwenda Mkuyuni, dukani kwa Abeid. Shimba anapima mchele pale. Wateja hata hawatazami mizani, wanapokea na kuondoka. Aliponiona: "Karibu, mwalimu. Ratili ngapi?" Nikamfungulia hesabu yangu juu ya gunia. Kasoma mpaka mwisho, kidole kikifuata mistari. Afadhali angenitukana. Kauliza kama Padri anajua. Nikaanza kukunja karatasi yangu. Akasema basi Jumanne twende wote. Nimejuta njia nzima ya kurudi, na najuta bado.

Jumanne, 12 Desemba
Benchi, nje ya ofisi. Shimba kavaa koti lake la maabara, kalipiga pasi. Daftari lake mapajani, hesabu yangu mfukoni. Karani kaninong'oneza tulipofika: nafasi ya Makerere imeshajazwa. Sijamwambia Shimba. Naandika tukisubiri. Maneno nimeyapanga: nilikosea mimi, yeye hakukosea. Mafupi tu. Ila nikiyasema, nani atanipa umakamu? Specioza keshawaandikia wazazi Bukoba.

Mlango umefunguliwa. "Makamu, karibu ndani." Padri kaniita mimi peke yangu. Shimba naye amesimama, ananitazama —