Ukuta wa Mwisho Chini ya Ziwa

Jumamosi, Gurei

...na bado nacheka peke yangu, mume wangu Lado akikoroma hapa kando.

Leo tulikuwa tunamalizia ngome yetu chini ya ziwa, katika ule mchezo wa kompyuta alionifundisha baada ya harusi. Wajenzi wawili tumewapa majina yetu. Pampu ilikuwa imekausha shimo, nikamwagiza Lado wa mchezo afunge ukuta wa mwisho. Akaufunga akiwa amesimama nje, upande wa ziwa, bila njia ya kutoka! Na yule mhusika mwingine wa mchezo anayeendesha pampu kwa mikono alishachoka. Akisinzia tu, maji yanarudi.

“Maalesh, si kitu, mwache,” mume wangu akasema. “Ukivunja ukuta, ngome yote itazama.”

“Nikuache majini? Hata kwa mchezo siwezi!”

“Haya, vunja basi, wewe mwanamke, tuzame wote!”

Nikavunja. Wajenzi wetu wakakimbilia juu, lakini maji yakameza kila chumba alichochimba mume wangu wiki nzima. Nilitaka kulia. Yeye akacheka mpaka akakohoa, akanibusu, akaanza kuchimba upya.

Asante, Mungu. Kabla ya harusi niliogopa sana siku ya kwanza nitakapomharibia kitu. Siku hiyo imepita, na nimebusiwa.