Fomu Tatu Ulizojaza Mapema

Mpendwa dada Veronika,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, na safari hii naomba kweli usiitikie. Nivumilie nikueleze, maana sijawahi kueleza jambo bila kuanzia mbali.

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako, nyuma ya darasa la nne, hapa Runazi. Watoto wamekwenda kunywa uji. Kiti ni kilekile chenye mguu mfupi, ulioutilia kifuniko cha soda ili kisicheze. Kifuniko bado kipo.

Unakumbuka nilivyokuingiza kwenye jambo hili? Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya ualimu kwa masafa, huku nafundisha. Chuo kikasema krediti za mwisho hazipatikani kwa mtihani, zinapatikana darasani: masomo kumi, kila moja lishuhudiwe na mwalimu mzoefu aketiye nyuma, ajaze fomu, asaini. Bila krediti hizo hakuna cheti, na bila cheti ningebaki kwenye daraja hilihili ambalo walimu niliowapokea kazini wameshaliacha. Nikaja kwako, mwalimu mkongwe kuliko mimi, na fomu zangu kumi. Ulikuwa unachambua maharage.

"Nitakushuhudia," ukasema, "ila sikupendelei. Nilikubeba mgongoni, uvivu wako wote naujua."

Na kweli hukunipendelea. Kwenye fomu ya tatu uliandika: "Mwalimu anapenda mno kusikia sauti yake." Nilikununia siku mbili. Ya tatu ukaniletea mihogo ya kuchemsha ofisini, tukala pamoja, yakaisha.

Nilichopenda ni ile salamu. Desturi ya shule yetu unaijua: mgeni akiwa darasani, watoto husimama wakamsalimia mwalimu wao, kisha hugeuka nyuma wote kwa pamoja wakamsalimia mgeni, na haketi mtu mpaka mgeni aitikie. Wewe uliwachelewesha makusudi. Unatafuta kalamu mkobani, wao wamesimama wima wanajizuia kucheka, ndipo useme, "Marahaba. Kaeni."

Tulipofika fomu ya saba ukaugua, ukapewa rufaa ya hospitali Mwanza. Zilibaki tatu. Sisi walimu tuna dhambi yetu moja, kusaini mapema. Andalio la wiki ijayo, mahudhurio ya kikao ambacho hakijakaa, vyote tunavimaliza tukinywa chai ili mkaguzi asitukute mikono mitupu. Ukazijaza zote tatu mchana mmoja, umeegemea mto, ukazitia kila moja kwenye bahasha ya kaki.

"Usifungue mpaka umeshafundisha," ukaniambia. "Ukisoma kabla, utaigiza."

Hukurudi. Tulikuzika nyumbani Ngara, kando ya baba. Padri alisema maneno mazuri sana, watu wote wanasema hivyo. Mimi sikusikia hata moja.

Siku niliyofundisha somo la nane, watoto walisimama wakanisalimia. Kisha wakageuka. Nilitaka kuwazuia, nikachelewa. "Shikamoo mwalimu!" wakakiambia kiti kitupu. Pakawa kimya, kirefu kama kile ulichokuwa ukitafutia kalamu. Halafu wakakaa, wote kwa pamoja. Mimi sikuwa nimesema neno.

Nilimwita Odilia, yule msichana wa dirishani, nikamuuliza ni nani aliyewaambia wakae.

Akanitazama kwa huruma. "Si ameitikia, mwarimu?"

Nikafundisha hesabu za sehemu. Baada ya somo nikafungua bahasha. Mwandiko wako: "Odilia chaki imemkatikia mara mbili ubaoni. Mwalimu amecheka kabla ya kusaidia. Arekebishe." Ndivyo ilivyokuwa. Nikajiambia chaki zetu hukatika kila siku, na Odilia hukandamiza kama anachimba shimo. Nikajituliza hivyo, nikalala.

Somo la tisa wakageuka tena, wakakaa tena. Katikati mvua ikapiga bati, hatukusikilizana, nikaendelea kwa kuandika. Fomu ilisema: "Mvua imezuia kusikilizana, mwalimu ameandika ubaoni. Vizuri. Amegeukia ubao muda mrefu kuliko ilivyohitajika."

Nilikuwa nalia, dada. Niligeukia ubao ili watoto wasinione. Mvua ungeweza kuikisia kwa msimu, lakini hilo la pili ulilijuaje? Niliogopa. Na wakati huohuo nilifurahi, tena sana, na furaha ile ndiyo iliyonitisha zaidi. Nikaanza kuwahi shuleni asubuhi ili tu nione watoto wakigeuka.

Somo la kumi nililiahirisha wiki mbili nzima. Nilijua likiisha, bahasha zimeisha. Mwalimu mkuu akanifuata darasani.

"Mwalimu, mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Tuma tu. Saini ni ya marehemu mwenyewe, hujaghushi. Nani wa chuoni atakwenda kuuliza kaburi Ngara?"

Basi Alhamisi nikafundisha. Watoto wakasimama, wakanisalimia, wakageuka. "Shikamoo mwalimu!" Kimya. Nikangoja. Wakabaki wamesimama. Wadogo wa mbele wakaanza kutazamana, Odilia akageuka kunitazama mimi. Mwishowe nikasema, "Kaeni," na wakakaa taratibu, mmoja mmoja, kama watu wasio na hakika.

Nikaifungua bahasha palepale mbele yao, kabla sijaandika hata tarehe. Mahali pa maoni uliandika neno moja: "Sikuwepo." Chini yake saini yako kamili, na ule mkia wake mrefu.

Dada, yale masomo mawili naamini ulikuwepo, na sitabishana na mtu. Lakini fomu za chuo hazina kisanduku cha shahidi wa namna yako. Ungeweza kunidanganyia hiyo ya kumi, ukakataa. Nami singeweza kukusingizia. Ijumaa nilikwenda Nyakanazi, steshenari, nikatuma fomu saba na barua inayosema kwamba baada ya hizo shahidi wangu alifariki. Mwalimu mkuu hanisemeshi vizuri mpaka leo. Chuo wamejibu nirudie masomo matatu mbele ya shahidi mwingine, na krediti zangu zingoje mwaka ujao. Daraja nalo lingoje. Imeniuma, nisikufiche. Nililia ofisini kama mtoto.

Kesho anakuja mwalimu Leonsi kutoka Nemba. Ni mtu mpole, anakohoa kidogo, naye ataketi hapa nilipoketi. Watoto watageuka na kusalimia. Nakuomba, dada, salamu hiyo si yako. Mwachie aitikie yeye, hata akichelewa, hata wakibaki wamesimama na moyo wangu ukasimama nao.

Shikamoo yangu nitakuletea mwenyewe Ngara, likizo ya Desemba. Nitakaa chini kando yako na wewe utafute kalamu upendavyo. Sitaketi vizuri mpaka uitikie.

Wasikia, uji umeisha, wanarudi.

Mdogo wako,
uliyembeba mgongoni