Jina Juu ya Mlango wa Choo

Jumamosi, 15 Novemba 1997

Mvua tangu alfajiri. Hakuna mjengo, hakuna kibarua popote. Nilienda Kawangware kwa miguu, kwa yadi ya Kihara muuza mbao, ambako klabu yetu hukutana. Klabu ya Jirani Mwema. Ni watu wa kujitolea tu — mwalimu Kavoi ndiye mwenyekiti, Seline ni nesi, mimi ni mtu wa jembe.

Tulirudi wote Gatwekera, mtaani kwangu, kuangalia mashimo mawili ya choo niliyochimba nyuma ya ploti yetu. La wanaume liko sawa. La wanawake limejaa maji, ukuta mmoja umeanguka ndani. Kazi yote ile — tope.

Kavoi alisema tumalize moja kwanza, lile lingine lingoje kiangazi. Nikamwuliza, na wanawake? Akasema choo ni choo, Khamala, hata huko Lavington kwa matajiri bwana na bibi wanakalia kimoja. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jumanne, 18 Novemba

Mama yake Nabwire amefika kutoka Budalang'i. Mto umebeba nyumba, kuku, ghala, kila kitu. Nabwire mke wangu alienda kumpokea. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nasugua buti. Nikasikia sauti ya mama kwenye kona. Nikatoka na njia ya nyuma bila viatu.

Mimi ni mtu wa Bungoma, wao ni wa ziwani, lakini kwa jambo la mkwe tuko sawa. Mama mkwe humwangalii usoni. Humshiki mkono. Hulali naye chini ya paa moja, na choo chake si chako. Nyumbani ni rahisi, shamba ni kubwa. Hapa tuna chumba kimoja na pazia.

Mama Hadia mwenye ploti amempa stoo yake ya kuni. Ni Mnubi, mzee, magoti yanamsumbua. Alimwambia Nabwire hata wao wana heshima ya mkwe, mama alale hapo mpaka Mungu afungue njia.

Nasikia mama mkwe anauliza habari zangu kupitia ukutani. Jina langu hajawahi kulitaja, tangu nimwoe binti yake. Anasema "yule wa Nabwire". Yule wa Nabwire amekula? Yule wa Nabwire amepata kazi?

Jumamosi, 22 Novemba

Choo kile kimoja kimekwisha. Mabati mapya, mlango, kufuli. Klabu walikuja na soda. Kihara alinifunga macho na kofia yake, akanigeuza, akaitoa. Juu ya mlango, kwa rangi ya buluu: CHOO CHA KHAMALA.

Nikamwambia hapana, andikeni jina la klabu. Kihara akasema, "Wewe umekula udongo, sisi tumekula maneno. Jina likae." Seline akapiga makofi, majirani wote wakapiga. Kavoi akanipa ufunguo mbele ya watu kama ananipa kikombe cha mpira.

Sijawahi kupewa heshima hivyo katika mji huu. Na nilikuwa nafikiria mtu mmoja tu, aliyekaa kwa stoo ya kuni akisikia makofi.

Jumatatu, 24 Novemba

Ploti nzima sasa wanasema "naenda kwa Khamala". Watoto, wamama, wote. Nipe ufunguo niende kwa Khamala. Kwa Khamala kuna foleni.

Nabwire aliniambia usiku kwa sauti ya chini. Mama anashuka mtoni, kule kwa migomba, kabla watu hawajaamka. Hawezi kuinua leso ndani ya choo chenye jina la mkwe wake. Hata ufunguo hawezi kuomba — aseme anaenda wapi?

Nimempa mama Hadia ufunguo. Mimi nitakuwa naenda kwa choo cha kanisa, mbali. Mwambie mama, nilimwambia Nabwire, mwambie mimi sikanyagi tena pale.

Jumatano, 26 Novemba

Mama amekataa. Anasema mikono iliyochimba ni ya nani?

Nilipanda juu ya debe nikafuta jina kwa oili chafu ya gari. Jirani yangu Naftaly, fundi viatu, alikuwa ananitazama. "Jina umefuta, na midomo yetu utaifuta na nini?"

Jioni nikamsikia mtoto wake analia: baba, nipeleke kwa Khamala.

Jumamosi, 29 Novemba

Kuna ugonjwa wa kuhara upande wa Raila, mtaa wa jirani. Wanasema ni kipindupindu. Klabu walikuja kufundisha: chemsha maji, nawa mikono, tumia choo. Seline alisema mtu akianza kutoa maji kama ya kuosha mchele, usingoje kesho, usingoje jioni, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Mama mkwe alikuwa nyuma ya wanawake, shuka kichwani. Mimi nikajificha nyuma ya Kavoi.

Baadaye nikamweleza Seline pembeni. Yeye ni wa Busia, upande wa kwao mama, alielewa kabla sijamaliza. Akaingia kwa stoo wakaongea sana. Akatoka anatikisa kichwa. Alimwambia mama ugonjwa haujui mkwe. Mama akamjibu, "Binti yangu, mto umechukua nyumba. Aibu ndiyo nilitoka nayo. Hiyo pia niache?"

Nyumbani jambo hili lina dawa. Wazee wa pande zote wanakaa, mbuzi anachinjwa, mnapeana mikono, imekwisha. Lakini wazee wake wako kule Budalang'i juu ya tuta wanangoja maji yashuke.

Kavoi aliona haya, nilimwona. Akasema heri angeambiwa mapema. Akasema shimo la wanawake tutalirudia mvua ikikatika. Wameniachia wilbaro ya kubebea udongo na jembe la klabu.

Jumanne, 2 Desemba

Hakuna kibarua. Nimechimba peke yangu. Natoa tope asubuhi, jioni maji yamerudi. Mgongo umekufa. Naftaly anauliza nafuga kambare?

Jumatano, 3 Desemba

Nimechimba tena. Ukuta wa pili umeanguka.

Alhamisi, 4 Desemba

Mama anahara tangu usiku. Nabwire alilala kwa stoo. Anampa maji ya chumvi na sukari kama Seline alivyofundisha. Jioni tumbo lilitulia kidogo, akanywa uji. Nabwire anasema ni uchovu na baridi. Sijui. Mimi napewa habari tu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Ijumaa, 5 Desemba

Nabwire alitoka mapema kwenda kufulia watu nguo Lavington. Mama alimwambia nenda, nimepona. Nyumba gani, geti gani — sijui, kila siku ni geti lingine.

Baadaye kidogo mama Hadia akaniita. Mama ameanguka akitaka kushuka mtoni. Amemvuta ndani kwa shida. Nikamwuliza anatoa nini. Akasema, maji ya mchele.

Nilimkimbilia Naftaly. Akasema ugonjwa huo ni wa kushika, na yeye ana watoto. Hakunitazama. Nikagonga milango ile mingine. Wanaume wako kazini. Mwanamke mmoja alifungua, akasikia, akafunga. Klabu wako Kawangware, na leo si Jumamosi.

Wilbaro nimeileta mpaka mlangoni pa stoo. Nimetandika gunia na blanketi letu. Nimeshafikiria: nitaivuta, sitaisukuma. Nikiivuta nampa mgongo, simwoni, mpaka barabara ya lami, huko tutapata gari. Hiyo naweza. Lakini nani atamwinua amweke ndani? Mama Hadia amejaribu mara mbili, magoti yamekataa. Amesema, "Khamala, ingia umbebe, Mungu anaona." Kutoka ndani nikasikia mama anakataa. Hapana. Hapana. Yule wa Nabwire asiingie.

Nikakaa chini, mgongo kwa mabati. Mvua inanyesha. Naandika hapa chini ya ukingo wa paa kwa sababu mikono haina kazi nyingine. Mikono inayobeba simiti tangu asubuhi hadi jioni. Mama ni mwepesi, nimemwona kwa mbali. Mfuko mmoja wa simiti unamshinda uzito.

Sasa haongei. Mama Hadia anamsemesha, nasikia maji yanamiminwa kwa kikombe. Anamwambia kunywa, dada, kunywa.

Mama mkwe anaongea tena. Sauti ni ndogo sana, kama ya mtoto. Nimeweka sikio kwa mabati.

"Khamala."

Mama Hadia ameweka kikombe chini.

"Khamala, ingia."

Sijui ni ruhusa ama ni homa. Mama Hadia ameondoa ubao wa mlango. Nimesimama. Miguu ya mama iko pale kwa mwanga, haina viatu, na mimi naweka daftari chini niingie.