Jaribio la Kumi na Moja

Kaka yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umepata nguvu kidogo, na wifi naye ameanza kula. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaochechemea.

Tangu tumzike mwanao Chiriku sijakupigia simu. Sijakususa, kaka. Nikisikia sauti yako nitashindwa kusema, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka nilivyokueleza kazi yetu ya maabara, ukacheka ukasema tunapika bila jiko? Tunawapasua bakteria, tunachuja maji yao ya ndani, kisha tunayatilia vinasaba vyenye maelekezo ya protini tunayoitaka. Bakteria wenyewe wamekufa, lakini maji yale hayajui. Yanaendelea na kazi, na baada ya saa chache protini ipo. Daktari aliposema ini la Chiriku linavimba kwa kukosa protini moja tu, uliniuliza kama si hiyohiyo tunayoweza kupika. Nikasema nitajaribu. Mwanao, na mdomo wake ule, akadakia kwamba dawa ya shangazi isipokuwa tamu atairudisha jikoni.

Mara kumi iliganda kama maziwa yaliyochacha. Uliponipigia kuulizia ya kumi na moja, nilikwambia nayo imeharibika. Ukasema, "Basi dada, umefanya ulichoweza. Ahsante."

Kaka, nilikudanganya. Ya kumi na moja ilikubali. Tuliipima mara tatu, na mara zote ilifanya kazi. Wakati naongea nawe kichupa kilikuwa kwenye friji, hatua mbili kutoka niliposimama. Ila kilikuwa na mabaki ya bakteria ambayo yangeweza kumuua siku hiyohiyo, na mkuu wangu alisema kuyasafisha na kuijaribu dawa kungechukua mwaka. Nilijua ukisikia ipo utaifuata, na ukinipigia magoti sitaweza kukunyima. Nikaona heri isiwepo.

Akaishi wiki tisa, kwa maumivu, mikononi mwako. Labda nilimpa hizo wiki tisa. Labda nilimnyima miaka. Sijui, na hakuna kipimo cha kuniambia.

Sikuombi msamaha leo. Nimechoka tu kushukuriwa.

Nisalimie wifi. Umwambie au usimwambie, wewe ndiye unayeujua moyo wake. Hata ukinijibu kwa matusi, nijibu.

Mimi mdogo wako,
Kitindamimba wa mama