Mshale wa Kushoto

4 Machi

Binti yangu mpendwa,

Hujambo huko, na kazi ya kufua mashuka ya watalii inakwendaje? Mimi mzima, ila goti la kulia hunigombeza nikipanda ngazi. Tangu nistaafu, na mama yako hayupo, nyumba imekuwa kubwa kupita kiasi. Basi nimeamua. Miaka thelathini nimechora vibao vya kuwaelekeza watalii, MAPOROMOKO, MAPANGO, na sijawahi kufika hata mahali pamoja! Sasa navifuata mwenyewe. Kwenye maporomoko nililowa chapachapa, nikacheka peke yangu kama mwehu. Wiki ijayo ni zamu ya chemchemi ya maji moto.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, mikono tu imechubuka kwa sabuni. Chemchemi ikoje? Yale maji yanaunguza kweli? Uliingia? Na ulikula wapi? Usinifiche, nakujua kwa kushindia chai.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Goti limetulia, usihofu. Chemchemi sikuiona. Nilifuata mshale wangu kushoto, nikatembea wee, nikatokea uani kwa mama mmoja mjane. Ana meza sita chini ya bati, na sufuria la samaki linatokota. Samaki wale, mwanangu! Mchuzi mzito, pilipili ya kukutoa jasho puani, ndizi laini pembeni. Nilirudia sahani.

"Nawe umepotea?" akaniuliza. "Wote hapa wamepotea. Chemchemi iko kulia. Miaka kumi na tisa wageni wanatokeza hapa na njaa zao, nikaanza kuwapikia. Sijui nani alinitupia riziki hii."

Nikarudisha tonge sahanini. Kibao kile nilikichora mimi. Siku ile ulikuwa na surua, akili yangu ilikuwa nyumbani. Nililipa, nikaaga bila kumwambia. Nikikirekebisha, namkatia riziki. Nikiacha, watu watapotea mpaka lini?

Baba yako

15 Aprili

Shikamoo Baba,

Afya njema kabisa. Barua yako imenizunguka kichwani siku tatu. Usiende kwa kunyatia na kopo lako la rangi. Mwambie kwanza, aamue mwenyewe. Kisha uniandikie alivyosema, sitatulia. Na mbona samaki wake umewasifu hivyo? Nauliza tu.

Binti yako

6 Mei

Binti yangu,

Natumaini mikono imepona. Nilimwambia. Akaweka mwiko chini, akanikagua kuanzia viatuni. "Kumbe ndiwe?" Nikajua leo namwagiwa mchuzi. Akacheka mpaka akashika meza, kisha akafuta macho kwa kanga.

"Juzi alikuja mgeni mzee, jua limemmaliza, nusura azimie mlangoni," akasema. "Tangu hapo silali vizuri. Kibadilishe. Ila chini yake uandike CHAKULA."

Nikachora: chemchemi kulia, chakula kushoto. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili nilikuja mimi tu. Akapakua sahani mbili, akaketi mbele yangu. Alisema tangu aanze kazi hiyo hajawahi kula mchana akiwa ameketi.

"Unajuta?" nikamwuliza.

"Bado sijui." Akatafuna kidogo. "Hebu niambie, hiyo chemchemi yenyewe ikoje?"

"Sijafika."

"Hata mimi," akasema.

Jumamosi anafunga biashara, tunakwenda kuiona. Viatu nimeshavipiga kiwi.

Baba yako